Nani Achoraye Ramani ya Msitu?

Ramani ni karatasi tu, walakini ni karatasi yenye nguvu. Mtu aliye mbali sana, asiyepata kuikanyaga nchi wala kunywa maji yake, aweza kuitandaza mezani na kusema, “Hapa patakuwa shamba, na hapa patakuwa msitu wa serikali, na watu hawa watahamishwa.” Naye mwenyeji aliyezaliwa pale, ajuaye kila chemchemi kwa jina lake, hana neno la kujibu ikiwa hana karatasi yake mwenyewe. Kwa hiyo habari za ramani haziwahusu wapimaji peke yao. Zakihusu kila kijiji chenye kisima, malisho, kuni na mizinga ya nyuki. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi watu wa vijijini katika Tanzania na Kenya walivyofika kuzichora nchi zao kwa mikono yao, na jinsi elimu hiyo ilivyosaidia kuhifadhi miti na maji, na mahali pengine isivyotosha.

Ramani za wageni

Kabla ya kuja wageni, watu wa bara hawakuwa na ramani za karatasi, lakini hawakuwa wajinga wa nchi zao. Mipaka ilishikwa kwa kichwa na kwa miguu: mbuyu fulani, jiwe fulani, kijito kikaukacho wakati wa kiangazi, kaburi la mkubwa wa ukoo. Mtoto wa kiume alifundishwa kwa kufuatana na babaye malishoni, na msichana kwa kufuatana na mamaye kisimani na kuni. Elimu hii ilikuwa na sifa kubwa, na tena ilikuwa na kasoro kubwa. Sifa yake ni kwamba kila jina lilibeba habari. Jina la bonde lilikuambia maji yake yana chumvi, na jina la kilima lilikuambia ukoo upi ulitangulia kukaa pale. Kasoro yake ni kwamba haikuweza kuwekwa mbele ya mtu asiyeijua lugha. Mzee alipokufa, alizikwa nayo.

Wadachi, yaani Wajerumani, walipoitawala Tanganyika, walitengeneza ramani kubwa ya koloni yao. Karatasi zake zilichorwa Berlin, kwanza na Richard Kiepert, baadaye na Paul Sprigade na Max Moisel, kwa kukusanya michoro ya njia iliyoletwa na askari, wasafiri na wapimaji. Kwa siku zile ilikuwa kazi ya ajabu. Kipimo chake kilikuwa 1:300,000, maana yake sentimeta 1 ya karatasi ni kilomita 3 za nchi. Na hapo msomaji atambue jambo. Malisho ya mtu mmoja yenye hekta 3, katika ramani ya kipimo hicho, ni nukta isiyotimia milimeta 1 kwa upana. Chemchemi ya kijiji haionekani kabisa. Mchoraji hakuwa mwongo. Lakini kipimo chake kilikuwa kipimo cha mtawala apitishaye majeshi na reli, wala si cha mama achotaye maji.

Mwaka 1904 Wadachi walitoa amri ya kuhifadhi misitu, na misitu mingi ikatengwa. Waingereza walipoipokea nchi baada ya vita, wakatoa sheria yao ya misitu mwaka 1921, na mingi ya misitu ile ikaendelea kuwa ya serikali. Haifai kusema kwamba kazi hiyo yote ilikuwa mbaya, kwa maana vyanzo vingine vya mito vimesalia mpaka leo kwa sababu ya mipaka ile. Lakini desturi moja ilianza hapo, nayo ilidumu hata baada ya uhuru: kwamba msitu ukishachorwa katika karatasi hutoka mikononi mwa jirani yake. Jirani huyo, ambaye jana alikuwa mwenye nchi, leo akiokota kuni aitwa mwizi. Na mtu aitwaye mwizi katika shamba la babaye haoni sababu ya kulilinda.

Ngitili za Usukuma

Tuanze na nchi ya Shinyanga, kwa kuwa habari zake zatufundisha kwa uwazi. Hapo kale nchi hiyo ilikuwa na miombo na migunga mingi. Wasukuma ni wakulima na wafugaji pamoja, nao walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Maana yake ni kwamba mvua zikianza, sehemu ya malisho hufungwa, ng'ombe wasiingie, nyasi na miti ikue. Kiangazi kikiwa kikali na majani ya nje yamekwisha, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo, na ndama, ng'ombe wa maziwa na ng'ombe wa plau hupata chakula. Ziko ngitili za mtu na jamaa yake, na ziko ngitili za kijiji kizima. Ni ghala ya nyasi isiyo na kuta.

Maadui wa miti ile walikuwa wengi, na wengine walikuja kwa nia njema. Wa kwanza ni vita juu ya mbung'o, mdudu aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa uchunguzi wa mbung'o mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, alikuwa na makao ya kazi yake Shinyanga. Katika miaka ile vichaka vingi vilifyekwa ili mdudu akose kivuli. Mbung'o alirudi nyuma, lakini miti nayo ilikwenda. Wa pili ni pamba, iliyotaka mashamba mapya kila mwaka. Wa tatu ni wingi wa ng'ombe katika malisho yaliyozidi kupungua.

Waingereza waliona udongo unachukuliwa na maji, na tangu mwaka 1947 wakaweka mpango mkubwa wa kuistawisha Usukuma. Humo zilikuwamo amri nyingi: kupiga matuta hivi, kupunguza ng'ombe hivi, kupanda kadha wa kadha. Mengi ya maneno yale yalikuwa ya kweli kwa elimu ya udongo. Lakini yalikuja kwa faini na kwa karani, wala mwenyeji hakuulizwa ajua nini. Basi watu wakayachukia mema pamoja na mabaya, na uchungu ule ukawa kuni katika moto wa siasa wa miaka ya 1950.

Baada ya uhuru lilikuja jambo jingine. Katika miaka ya 1970 watu walikusanywa katika vijiji, na nyumba zikahamishwa mbali na ngitili zake. Nia ilikuwa kuwapa watu shule, zahanati na maji. Lakini ngitili bila mwenye nyumba karibu ni kama shamba la mahindi bila mlinzi wa ndege. Ng'ombe waliingia wakati wote, na miti ikakatwa. Ilipofika miaka ya 1980, watu waliiita Shinyanga jangwa la Tanzania, na akina mama walikuwa wakichoma samadi na mabua kwa kukosa kuni.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi waliujua kwa jina fupi la HASHI. Ulisaidiwa baadaye na nchi ya Norway na shirika la uchunguzi wa kilimo mseto, ICRAF, lenye makao Nairobi. Hapo mwanzo watu wa mpango walifanya kama wengine wote: walikuza miche na kuwagawia watu wapande. Lakini walipoketi na wazee na kuwauliza, walisikia habari nyingine. Wazee walisema mizizi ya miti ya kale i hai chini ya ardhi. Ikipewa amani itachipua yenyewe. Walisema dawa ya nchi wanayo, na jina lake ni ngitili.

Ndipo kazi ilipogeuka. Mafundisho yalitolewa kwa mikutano, kwa michezo ya kuigiza, kwa picha zilizoonyeshwa watu wakaziona hali za nchi yao, na kwa maongezi ya kutembea mashambani. Wanakijiji waliulizwa waonyeshe ngitili za zamani zilikuwa wapi na zipi zaweza kurudi. Sheria zake ziliwekwa na dagashida, baraza la Wasukuma, na aliyezivunja alikutana na sungusungu, ulinzi wa vijiji ulioanza mapema katika miaka ya 1980 kwa sababu ya wezi wa ng'ombe. Mpango ulipoanza, ngitili zilizoandikwa zilikuwa hekta 600 hivi tu. Ulipofika mwisho wake mwaka 2004, zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Tuzo ya Ikweta. Kuni zilikaribia nyumbani, majani ya kuezekea yakapatikana, asali na dawa za miti shamba zikarudi, na ndege pia.

Msomaji aangalie vema. Miti ya Shinyanga iliyorudi ilikuwa mingi kuliko iwezavyo kupandwa kwa miche ya kugawiwa, na iliyorudi ilirudi kwa sababu mwenyeji alitambua tena mpaka wa kitu chake. Wahenga walisema, “Usiache mbachao kwa msala upitao.” Ngitili ilikuwa mbacha wa Wasukuma, na miche ya kigeni msala upitao.

Msitu wa Duru-Haitemba

Habari ya pili yatoka Babati, katika nchi ya Wagorowa. Hapo upo msitu wa miombo juu ya vilima, uitwao Duru-Haitemba, wenye ukubwa wa hekta 9,000 hivi. Katika ile ramani ya Wadachi ya 1:300,000 msitu huo wote ungefunikwa na vidole vichache. Lakini vijiji vinane vilivyouzunguka vilipata humo kuni, miti ya kujengea, malisho ya kiangazi, dawa, na maji ya vijito vyake.

Miaka ya 1980 ilipoelekea kwisha, serikali iliazimu kuufanya uwe msitu wa hifadhi. Wapimaji walikuja, mpaka ukawekwa. Wenyeji walipoona alama, walielewa jambo moja tu, kwamba msitu unachukuliwa. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha nia. Watu waliharakisha kukata, kama ndugu waambiwao kwamba shamba la urithi litauzwa kesho: kila mmoja achuma leo awezacho. Mashamba yalisogea ndani ya miti, mkaa ukachomwa, na askari wachache wa misitu hawakuweza kuwa mahali pote.

Hapo wakubwa wa wilaya na wa misitu walifanya jambo ambalo si rahisi kwa wakubwa, yaani walisimama na kufikiri upya. Pamoja nao alikuwapo Liz Wily, mwanamke mwenye elimu ya mambo ya ardhi. Waliviuliza vijiji swali fupi: kama msitu huu ungekuwa wenu, mngeufanyia nini ili upone? Majibu hayakukawia. Kila kijiji kiliketi, kikateua kamati, kikapita mpakani pamoja na jirani zake, wazee wakionyesha vilima na makorongo, mpaka vijiji viwili vikapatana kwamba hapa ndipo mwisho wenu na mwanzo wetu. Mipaka hiyo ikachorwa katika michoro ya kijiji. Ndani ya mpaka kila kijiji kiligawa msitu wake: mahali pa kufungwa kabisa mpaka papone, mahali pa kuni kavu, mahali pa malisho kwa majira. Mkaa na mashamba mapya vikakatazwa. Vijana wakachaguliwa kuwa walinzi bila mshahara.

Mwaka 1994 serikali iliacha nia ya kuuchukua msitu, na vijiji vikaachiwa kuutunza kama misitu yao. Mwaka 1995 halmashauri ya wilaya ilizipa nguvu sheria ndogo za vijiji hivyo. Wenyeji wakaja kueleza kwamba miti michanga imejaa na nyuki wamerudi. Sheria zile zile ambazo zingepingwa kama zingeletwa na askari zilishikwa kwa kuwa zilitoka katika mkutano wa kijiji, na mvunjaji alipotozwa faini alitozwa na jirani zake.

Mfano huu haukubaki Babati. Msitu wa Mgori katika Singida ulifuata, na vijiji vyake vitano vikautunza kwa namna ile ile. Kisha mambo haya yakaingia katika sheria za nchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, ilikipa kijiji nguvu juu ya ardhi yake kwa halmashauri na mkutano mkuu wake, na Sheria ya Misitu, namba 14 ya mwaka 2002, ilikubali misitu ya hifadhi ya vijiji. Mwaka 2007 ikaja sheria ya kupanga matumizi ya ardhi. Basi mchoro wa mzee wa Gorowa, ulioanza kwa kunyosha kidole, ulifika mpaka bungeni.

Kuchora udongoni

Pengine msomaji atauliza, watu wasiosoma wachoraje ramani? Jibu ni kwamba wachora vizuri, wakiachiwa nafasi. Katika mwaka 1988 mashirika ya Kenya, pamoja na wataalamu wa chuo kikuu cha Clark cha Marekani, walijaribu njia hii katika Mbusanyi, nchi ya Machakos, na karibu wakati ule ule watu wa India walikuwa wakifanya hivyo katika vijiji vyao. Robert Chambers, mwalimu wa Uingereza, alizikusanya habari za njia hizi na kuzitangaza katika maandiko yake. Sifa zenyewe, walakini, ni za wanavijiji.

Njia yenyewe ni nyepesi. Watu hukusanyika mahali pa wazi penye kivuli karibu. Mmoja hupewa kijiti, naye huanza na kitu ambacho hakuna awezaye kukibisha, kama njia kuu au mto. Majivu huwa mto, majani mabichi huwa msitu, mawe huwa nyumba, mbegu za mahindi huwa mashamba. Wengine husimama na kutazama, kisha huanza kubisha: “La, kisima ki upande huu wa njia.” Kijiti huhama mkono. Aliyekaa kimya mkutanoni miaka yote huinama na kusogeza jiwe. Udongo una faida hii, kwamba mchoro wake hufutika kwa kiganja, na kwa hiyo mtu haoni haya kukosea wala kusahihisha. Mwisho hunakiliwa katika karatasi, na watu huenda kuitembelea nchi yenyewe kwa mstari, kutoka bondeni mpaka kilimani, wapate kuona kama mchoro wasema kweli.

Mara nyingi wanaume na wanawake huchora mbali mbali, kisha ramani zao hulinganishwa. Hapo huonekana mambo. Ramani ya wanaume huwa na mipaka, njia za ng'ombe na mashamba ya biashara. Ramani ya wanawake huwa na visima, miti ya kuni, mboga za mwitu, na njia za kwenda zahanati. Nchi ni moja, lakini macho ni mawili. Kijiji kikipanga kufunga msitu kwa ramani ya wanaume peke yake, chaweza kufunga mahali ambapo akina mama wapata kuni za kila siku, na sheria hiyo itavunjwa kesho yake asubuhi, wala si kwa ukaidi.

Wazee wa Mau na mfano wa mlima

Habari ya tatu ni ya Waogiek wa Kenya, warina asali wa msitu wa Mau. Hawa tangu kale waliweka mizinga ya magogo juu ya miti, kila ukoo ukiwa na sehemu yake ya msitu. Tangu siku za Waingereza walihamishwa mara nyingi, wakaambiwa kwamba msitu ni wa serikali, na huku sehemu kubwa ya msitu ule ikakatwa na kugawanywa kuwa mashamba.

Mwaka 2006, katika Nessuit karibu na Nakuru, watu wapata 120 kutoka koo 21 walikusanyika kuunda mfano wa nchi yao ya Mau ya Mashariki. Huu haukuwa mchoro wa bapa. Ulikuwa mlima mdogo wa makaratasi. Kwa kazi za namna hii karatasi nene hukatwa kwa kufuata mistari ya urefu wa nchi juu ya bahari, kisha hupangwa moja juu ya moja mpaka vilima na mabonde yanatokea. Kipimo cha mfano ule kilikuwa 1:10,000. Hapa sentimeta 1 ni mita 100 tu, na malisho yale ya hekta 3, ambayo katika ramani ya Wadachi hayakutimia milimeta 1 kwa upana, sasa yapata nafasi ya ukucha wa kidole gumba. Wazee huweka pini na nyuzi na rangi: huu mpaka wa ukoo, hapa mizinga, hapa mahali pa ibada, hapa miti iliyokuwapo. Mtu aliyeshindwa na ramani ya bapa huuona mlima wake mara moja, akanyosha mkono akasema, “Hapa ndipo nilipozaliwa.”

Kwa nini wazee walitaka kazi hiyo? Kwa sababu maneno yao yalikuwa hayasikiki. Shauri lao lilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ilihukumu kwamba serikali ya Kenya imevunja haki za Waogiek, na kwamba kuhifadhi msitu hakuwezi kuwa sababu ya kuwafukuza, kwa maana haikuthibitika kwamba wao ndio walioharibu Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikaongeza amri ya fidia: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali, na shilingi 100,000,000 kwa uchungu waliotendwa, tena ikaamuru ardhi yao ya jadi ipimwe, iwekewe alama za mipaka, na hati zitolewe. Basi mahakama yenyewe ilisema mwisho wa shauri hauwezi kuwa maneno matupu. Lazima uwe ramani.

Hata hivyo Novemba 2023 nyumba za Waogiek katika sehemu ya Sasimwani, upande wa Narok, zilibomolewa na watu wakatolewa. Jambo hili lapasa kukumbukwa na kila mtu adhaniye kwamba karatasi yatosha. Ramani hutia nguvu neno la mnyonge, lakini haiwezi kusimama mlangoni kuzuia shoka. Yataka sheria itiiwe, na yataka watu wengi waijue, ili anayeivunja aone haya mbele ya macho mengi.

Mambo ya kuangalia

Kwa kuwa tumesifu ramani za wenyeji, ni haki tuseme pia hatari zake. Ya kwanza, ramani yaonyesha vitu kwa kila aiangaliaye. Mahali pa miti ya thamani, pa dawa adimu au pa makaburi hapafai kuwekwa katika karatasi itakayozunguka ovyo. Kijiji chenyewe na kiamue lipi la kuonyesha na lipi la kuficha. Ya pili, asiyekuwapo siku ya kuchora hukosekana katika mchoro. Mfugaji apitaye kwa majira, maskini asiye na shamba, mjane, mgeni aliyehamia juzi, hawa wote waweza kuamka na kukuta njia yao imekuwa msitu uliofungwa. Huko Shinyanga kwenyewe wenye ardhi kubwa walipata ngitili kubwa, na wasio na ardhi walitegemea ile ya kijiji. Ya tatu, mpaka ulioachwa na wahenga bila kukazwa, ili jirani wasaidiane wakati wa ukame, ukishachorwa kwa wino huwa chanzo cha ugomvi. Afadhali kupatana maneno kwanza, kisha kuchora, kuliko kuchora kwanza na kuteta baadaye.

Tena ramani huzeeka. Mto huhama, kisima hukauka, kijiji hugawanyika kuwa viwili. Kijiji chenye busara huitazama ramani yake upya kila baada ya miaka kadha, mbele ya mkutano wote, wala hakiiachi ioze katika kabati ya ofisi.

Kazi ya walimu

Sasa tuulize, je, shule ina kazi gani katika mambo haya? Ina kazi kubwa. Watoto wetu waweza kutaja mito ya Ulaya na miji mikuu ya dunia, jambo ambalo ni jema, lakini wengi hawawezi kutaja chemchemi zinazokipa kijiji chao maji, wala majina ya miti kumi ya msitu ulio karibu. Katika kazi za mifano ya milima, mara nyingi wanafunzi ndio wakatao makaratasi na kuyapanga, na wazee ndio waletao majina na habari. Mtoto huleta hesabu ya kipimo; mzee huleta kumbukumbu. Wakikutana juu ya meza moja, kila mmoja huuona upungufu wake unajazwa na mwenziwe. Mwalimu aweza kuanza bila fedha. Awapeleke watoto wa darasa la juu mpakani pamoja na wazee wawili, waandike majina na maana zake. Wapime njia ya kisimani kwa hatua. Wachore udongoni, kisha katika karatasi. Na mwaka ujao warudi waone nini kimebadilika. Akifanya hivyo kwa miaka kumi, kijiji kitakuwa na kitabu cha nchi yake ambacho hakuna mgeni awezaye kukiandika.

Katika habari hizi tatu, Shinyanga, Babati na Nessuit, sababu ya mafanikio ni ile ile. Msitu huponywa na watu waujuao na wanaojua kwamba ni wao, na ujuzi huo ukiwekwa katika mchoro unaoweza kusomwa na wakubwa, huanza kupata heshima ya sheria. Pale Usukuma amri nzuri za mwaka 1947 zilishindwa na desturi ya wazee ikafaulu. Pale Babati mpaka wa mpimaji uliharakisha shoka, na mpaka wa wanakijiji ukalizuia. Wazee wajuao majina ya nchi wanapungua kila mwaka, wala hawatangoja mpaka tupate nafasi. “Mkataa kwao mtumwa,” walisema wahenga. Na asiyeijua kwao, hata akiipenda, hana namna ya kuitetea. Kijiti cha kuchorea hakina bei, na udongo upo.